Kutafuta "talent" katika kamusi tatu za mtandaoni: ipi ya kuandikia, ipi ya kuelewea

Oxford Learner's Dictionaries, Cambridge na Merriam-Webster zote hutumika bure mtandaoni, na zote zina neno "talent". Neno hili ni kipimo kizuri cha kamusi, kwa kuwa linadanganya. Mswahili akiliona anasema kipaji, kipawa, talanta, basi yamekwisha. Kumbe kazi iko kwenye matumizi.

Merriam-Webster inaorodhesha pia maana kongwe za neno hili. Kwa hiyo humo utakutana na kipimo cha uzito cha kale na thamani ya dhahabu au fedha ya uzito huo. Usidhani umekosea ukurasa. Ni talanta zilezile za Mathayo 25, ambako bwana anawaachia watumwa wake fedha wazizalishe, na ni kwa njia ya mfano huo neno likahama kutoka mzigo wa fedha hadi uwezo aliojaliwa mtu. Talanta ya Athens ilikuwa drakma 6,000, karibu kilo 26. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye maana za uwezo na kipaji.

Hazina yenyewe iko chini zaidi, kwenye aya ya visawe, na wengi hawafiki huko. "Gift" inamtazama mtoaji, Mungu au maumbile, hivyo iko jirani na karama. "Aptitude" ni kupenda jambo pamoja na dalili ya kulifaulu. "Knack" ni jambo dogo, wepesi wa mkono, kama wa mtu anayejua kufungua kifuniko kilichokaza. "Talent" ni uwezo wa kuzaliwa unaohitaji kukuzwa. Cambridge yenyewe inasisitiza uwezo usiotokana na kufundishwa. Tofauti hiyo si ugomvi: moja inaeleza uwezo umetoka wapi, nyingine inaeleza unadai nini. Kwa mwandishi maelezo ya Merriam-Webster yana faida zaidi, maana ndiyo yanayofafanua kwa nini Kiingereza husema "develop a talent" na "waste a talent", yaani kitu cha kukuzwa au kupotezwa bure. Ujuzi wa kujifunza kwa mazoezi tu ni "skill", usiuite "talent".

Kwa kuandika, fungua Oxford. Inakuwekea wazi "talent for something", na hapo ndipo Kiswahili kinapotuponza. Tunasema kipaji cha kuimba, ile "cha" inatuvuta kuandika "talent of singing". Sentensi iliyonyooka ni "She has a talent for singing": "a" mbele, "for" nyuma, kisha kitenzi chenye "-ing". Kosa la pili ni "He is very talent", linalotokana na "ana kipaji sana". Hapo panatakiwa "talented", nayo ina ukurasa wake.

Angalia pia alama za kuhesabika na kutohesabika. Kipaji huwa na vipaji vyake, lakini "talent" ina pande mbili: "He has a lot of talent" haina "s", ilhali "her many talents" ni vipaji vya aina mbalimbali. Kisha kuna "young talent", ambayo ni watu, sawasawa na watangazaji wa mpira wanaposema klabu inasaka vipaji. Kwa maana hiyo ya kundi, "s" haihitajiki. Oxford inaonya pia kuwa katika lugha ya mtaani ya Uingereza "talent" huweza kuwa watu wenye mvuto wa kimapenzi, kwa hiyo "the local talent" isiingie kwenye barua ya kazi bila kufikiri.

Kwa matamshi, Oxford na Cambridge zinashinda: zina sauti ya Uingereza na ya Marekani, Merriam-Webster ni ya Marekani. Bonyeza kipaza sauti usikie mkazo ulipo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana katika talanta sauti hupanda katikati, na mazoea hayo hutufanya tuseme "ta-LENT". Kiingereza hukaza "TA", halafu irabu inayofuata hufifia karibu kumezwa. Ukishaipata, jaribu "talented": silabi zimeongezeka, lakini mkazo unabaki palepale mwanzoni.