Kununua 4x4 ya kifahari iliyotumika: ipi ianze, ipi iwe ya mwisho, na gharama zinazokuja baada ya kulipa

Gari la kifahari la 4x4 hushuka bei haraka kuliko linavyochakaa. Likifikisha miaka kumi au kumi na mitano, unaweza kulipata kwa bei ya gari dogo jipya, na bado lina viti vya ngozi, V8 chini ya boneti na uwezo wa kupita njia ambazo magari mengi hayathubutu. Kinachowaponza wanunuzi ni kwamba bei ya gari imeshuka lakini bei ya spea zake haijashuka. Kompresa ya suspensheni, giaboksi, hata taa ya mbele, vyote vinauzwa kwa hadhi ya gari lilipokuwa jipya, na fundi anayeliweza halipunguzii malipo yake kwa sababu wewe ulilipata rahisi. Kwa hiyo magari yaliyomo humu nimeyapanga kwa kigezo kimoja: yatakudai kiasi gani katika miaka mitano utakayokuwa nayo.

Mafuta, tairi na oili

V8 ya petroli kwenye gari la tani mbili na nusu hunywa lita 14 hadi 18 kwa kila kilomita 100, na kwenye foleni hupita hapo. Tuchukue 16. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, hizo ni lita 2,400. Dizeli ya lita 3.0 inayokula 10 itamaliza lita 1,500. Tofauti ni lita 900. Zidisha kwa bei ya mafuta unakoishi uone inakugusa kiasi gani.

Wengi wakishaona hesabu hiyo hukimbilia dizeli. Kabla hujakimbia, jiulize gari litafanya safari za aina gani. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likiwa limepata moto wa kutosha kwenye safari ndefu. Anayeendesha kilomita tano kwenda kazini na tano kurudi hakipi nafasi. Kinaziba, taa inawaka, gari linakosa nguvu. Ongeza nozeli na tabo zilizochoka, na zile lita 900 ulizookoa zimeshaliwa. Kwa mtu wa safari fupi, petroli ndiyo nafuu ingawa pampu haionyeshi hivyo.

Tairi ni gharama ambayo wanunuzi huisahau kabisa. Land Cruiser 200 hutumia 285/60 R18, saizi inayopatikana kwa kampuni nyingi za tairi. Range Rover iliyofungwa rimu za inchi 22 inataka 275/40 R22, na hapo machaguo yanapungua na bei inapanda. Tena kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne muda wote, huwezi kubadilisha tairi moja tu. Tairi mpya na iliyolika hazina mzunguko sawa, hivyo difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, au klachi ya transfa (giaboksi ndogo ya 4x4) hufanya kazi bila kupumzika hadi ijiue. Panga bajeti ya tairi nne kwa pamoja. Oili nayo si lita nne za gari dogo. Injini nyingi za aina hii huchukua lita 7 hadi 9.

1. Lexus GX 470 na GX 460

Hili ndilo ningemshauri ndugu yangu anunue, na nisingesita. GX 470 ilitengenezwa kuanzia modeli ya 2003 hadi 2009 juu ya chasisi ya Toyota Prado 120, ikapewa V8 ya lita 4.7 inayoitwa 2UZ-FE, injini ile ile iliyowekwa kwenye Land Cruiser 100. GX 460 ikafuata kwa modeli ya 2010, juu ya Prado 150, na V8 ya lita 4.6. Zote zina 4x4 ya muda wote, gia za chini za kupandia mlima na loki ya difu ya katikati, inayoifunga difu hiyo ili mbele na nyuma zizunguke pamoja. Uzuri wake mkubwa kwa mfuko wako ni kwamba chini yake kuna Toyota ambayo mafundi wengi wanaijua kwa mkono.

Kizuri hakikosi ila. 2UZ-FE inatumia mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 145,000 hivi, pamoja na woter pampu kwa kuwa fundi ameshafika hapo hapo. Muuzaji akisema "ulishabadilishwa", dai risiti. Isipokuwepo, hesabu kwamba haujabadilishwa na umpunguzie bei. Washa injini ikiwa baridi kabisa na usikilize. Mlio wa tik-tik unaopotea injini ikipata moto mara nyingi ni manifoldi ya ekzosi iliyopasuka, ugonjwa unaojulikana wa injini hii. Haumzuii mtu kuendesha, lakini unashusha bei.

GX 460 ina cheni badala ya mkanda, jambo la kushukuru, ila chunguza kati ya vichwa viwili vya silinda kwa tochi. Ukiona ukoko wa rangi ya waridi, kulanti inavuja kutoka kwenye kifuniko cha bonde la injini. Kifuniko chenyewe si kitu. Kazi ya kukifikia ndiyo pesa. Springi za hewa za nyuma zikichoka kwenye 470, wengi huzitoa na kufunga springi za chuma, na gari linaendelea na maisha.

Mahali ambapo GX haipatikani, tafuta Prado 120 au 150 ya daraja la juu. Ya dizeli yenye injini iitwayo 1KD-FTV, uliza kama sili za nozeli zimebadilishwa. Zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu, na injini inanoki.

2. Lexus LX 470, LX 570 na Land Cruiser 100, 200

Kwa ubora wa chuma, haya yanaizidi GX. Yameshika nafasi ya pili kwa sababu ya bei ya kununua, mafuta, na suspensheni ya LX iitwayo AHC inayonyanyua na kushusha gari kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. Ikiwa nzima, gari linaelea barabarani. Ikichoka, linadunda kwa kila shimo.

Kuipima hakuhitaji kompyuta. Fungua boneti uone tenki dogo la mafuta ya AHC lenye mistari ubavuni. Liweke gari kwenye kimo cha chini, soma mstari, kisha linyanyue hadi kimo cha juu, usome tena. Kwenye LX 470 yenye globu mpya (vitungi vya gesi vinavyolainisha mtikisiko) tofauti huwa mistari 14 hivi. Ukipata 7 au chini yake, gesi imeisha kwenye globu na zote nne zinahitaji kubadilishwa. Kipimo hicho cha dakika mbili kinatosha kubadilisha mazungumzo ya bei.

LX 470 ina 2UZ-FE yenye mkanda, kama GX. LX 570 ina V8 ya lita 5.7 yenye cheni, injini imara lakini yenye kiu. Land Cruiser 200 ya dizeli ya V8 yenye tabo mbili ni nzuri kwa safari ndefu. Zile za mwanzo zichunguze kama zinakula oili, na kagua bomba la hewa kuanzia kwenye kichujio kuelekea kwenye tabo. Vumbi ndani ya bomba ni sababu ya kuondoka bila kujadiliana.

3. Mercedes-Benz G-Class ya kabla ya 2018

Chasisi ya ngazi, loki tatu za difu, na G 500 ya zamani yenye V8 ya lita 5.0 iitwayo M113, mojawapo ya injini za Mercedes zinazovumilia zaidi. Hailegei. Tatizo ni kwamba bei yake haikushuka kama za wenzake, spea za bodi ni ghali mno, na kutu hupenda kujificha kuzunguka kioo cha mbele na chini ya taa za nyuma. Kwa mwenye uwezo, ni nafasi ya tatu ya haki, na akiliuza atarudisha sehemu kubwa ya pesa yake.

4. Porsche Cayenne na Volkswagen Touareg za kizazi cha kwanza

Ni ndugu wa damu, na yote mawili yana gia za chini. Cayenne ya V8 ya 2003 hadi 2006 ilikuja na mabomba ya kulanti ya plastiki chini ya manifoldi ya hewa. Plastiki ikipasuka, kulanti inamwagika yote na injini inachemsha. Dawa ni mabomba ya alumini, na ukishayafunga umemaliza. Beringi ya katikati ya shafti ya propela nayo hufa. Utasikia mgongano chini ya sakafu ukiondoka. Nunua iliyokwisha kutibiwa yote mawili. Touareg ya V10 ya dizeli iache: matengenezo yake mengi huanza kwa kuishusha injini.

5. BMW X5 na Mercedes GL

X5 haina gia za chini, kwa hiyo ni gari la lami na vumbi jepesi. Ya dizeli ya silinda sita ya kizazi cha pili ni chaguo la heshima. V8 iitwayo N63 yenye tabo mbili ipite mbali, kwa sababu tabo zimekaa katikati ya V, yaani kati ya safu mbili za silinda, joto linapika kila kitu cha mpira na plastiki, na injini inakula oili. GL yenye injini ya dizeli iitwayo OM642 ni ya kupendeza kwa familia kubwa, lakini sili za kipoza oili zilizo katikati ya V huvuja. Sili zenyewe ni za bei ya chini. Kuzifikia ni kazi ya siku nzima au zaidi.

6. Land Rover Discovery na Range Rover

Hakuna gari kwenye orodha hii linalompa dereva raha kama Range Rover, na nimeiweka mwisho kwa uchungu. Kizazi kiitwacho L322, cha 2002 hadi 2012, kina mwonekano ambao mpaka leo haujazeeka. L405 iliyoifuata ina bodi ya alumini na ni nyepesi kwa mamia ya kilo. Zote huelea, na porini zinashangaza.

Gharama ndiyo inayoziangusha. Dizeli za V6 za lita 2.7 na 3.0, zilizomo pia kwenye Discovery 3 na 4, zina historia ya beringi za kranki kuzunguka na kranki kukatika. Hiyo ni injini nzima. V8 ya petroli ya lita 5.0 ina miongozo ya cheni inayolika na mabomba ya kulanti ya plastiki. Kwenye Discovery 3 na 4 mafundi wengi huinyanyua bodi nzima kutoka kwenye chasisi ili tu wafikie tabo, na kila saa ya kazi hiyo iko kwenye ankara yako. V6 hizo zina mikanda miwili: wa mbele wa taiming, na wa nyuma unaoendesha pampu ya dizeli. Wa nyuma husahaulika. Uliza kwa jina.

Suspensheni ya hewa ipime hivi. Egesha mahali tambarare jioni, pima kwa utepe kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha rudi asubuhi upime tena. Kona iliyolala ina springi inayovuja. Kompresa inayojaza springi inayovuja hufanya kazi mfululizo hadi iungue, kwa hiyo anayebadilisha kompresa peke yake ataiua na mpya. Ukimkuta muuzaji anayejivunia kompresa mpya, kagua springi mara mbili.

Ukiipenda kiasi cha kutosikia la mtu, chukua ya mmiliki mmoja, yenye rekodi kamili, na fundi wa aina hiyo awe karibu nawe kabla gari halijafika.

Kabla na baada ya kulipa

Lipandishe gari kwenye jeki ya gereji, ukague kutu ya chasisi na uvujaji wa difu. Soma kompyuta ya gari kwa mashine inayolingana na aina yake, maana zile za jumla hazioni moduli za suspensheni wala transfa. Ingiza gia za chini na kila loki, uone zinaingia na kutoka. Muulize muuzaji kuhusu oili ya giaboksi. Wengi watajibu kwamba ni ya maisha, ilhali ZF, watengenezaji wa giaboksi za BMW na Range Rover nyingi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Tenga robo ya bei ya kununua isiguswe. Ikiwa pesa yako yote inaishia kwenye gari, shuka daraja moja, uchukue GX ya zamani kidogo badala ya LX. Wiki ya kwanza badilisha oili za injini, giaboksi, transfa na difu zote mbili, kulanti, mafuta ya breki na mikanda. Andika kilomita za siku hiyo kwenye daftari litakalokaa ndani ya gari, na kila kazi inayofuata iandikwe humo pamoja na risiti yake.