Seti ya JKT ya mujibu: bukta na shuka chukua, raba katafute kwingine

Wazazi ambao mtoto kamaliza form six na jina limeshatoka kwenda JKT kwa mujibu wa sheria (yale mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa), hii ni yenu. Nimemnunulia binti yangu mzigo wote wa JKT kwenye duka moja la Kariakoo, jina sitaji kwa sababu kuna sehemu nitawasema, ila msimu huu maduka ya hivyo yamejaa na mengi yanauza mzigo uleule.

Kwanza niwape sifa yao. Kijana muuzaji anaijua ile orodha ya vifaa iliyo kwenye tangazo la JKT kuliko mimi niliyekuwa nimeishika mkononi. Maana tangazo halisemi bukta tu likaishia hapo, linataka bukta ya bluu iliyokoza, mpira kiunoni, isiyo na zipu, mfuko mmoja nyuma, na iishie magotini. Ukienda kichwakichwa unapewa bukta ya kuchezea mpira yenye mistari pembeni, afu mtoto ndo anaenda kuumbuka nayo getini. Huyu aliigeuza mbele yangu, akavuta ule mpira mpaka nikaogopa utakatika, akanionesha mfuko, akasema "mama, hii afande akiikagua hana la kusema". Kumbe na yeye kapita mujibu, kambi ya Msange. Nilivyomwambia mimi nimepita kambi ya Mafinga enzi zile tunakaa JKT mwaka mzima, akaacha kuniita mama akaanza afande, na bei ikashuka palepale kutoka 95,000 mpaka 85,000. Sijui ni heshima au ujanja wa biashara, mimi nilishukuru tu.

Shuka mbili za bluu bahari ni nzito, hazionyeshi upande wa pili ukiziinua kwenye mwanga. Soksi ndefu nyeusi safi. Trakisuti ya kijani ya kawaida, itafanya kazi.

Sasa raba. Jamani raba hapana. Rangi ni sahihi, kijani kabisa, ila nilivyoikunja kidogo tu soli ikaanza kuachana na kitambaa pale mbele vidoleni, gundi naiona kwa macho. Mtu anaenda kukimbia mchakamchaka alfajiri na kupiga kwata mchana, hiyo wiki haiishi. Nikasema nitolee raba nichukue vingine, akaanza oo mama seti haivunjwi (hapo uafande wangu ulishaisha), tukavutana weee mpaka bosi wake akaja akakubali, 68,000 bila raba. Kwa hiyo usikubali habari ya seti haivunjwi, inavunjwa.

Halafu nguo za baridi hawana za maana. Binti yangu naye kapangiwa Mafinga, na mwezi wa sita na wa saba kule baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, visweta vyao vile ni vya kuvaa Dar mvua ikinyesha. Sweta nilimtafutia mtumbani, zito, na bei poa.

Nikiwa nasubiri wafunge mzigo nikawa nawaza, sisi kombati na buti tulipewa kambini, nyumbani tulitoka na sanduku la bati na nguo chache. Na hakuna aliyeuliza kwa nini, ukimaliza form six unaenda. Waliouliza ni wale wanafunzi wa chuo kikuu Oktoba 1966, waliandamana Dar kuipinga JKT ya lazima, hasa ile ya kukatwa asilimia 60 ya mshahara kwenye muda wa kazi baada ya kambi, Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia yao wakarudi makwao, na yeye mwenyewe akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Hiyo stori tumekua nayo. Afu 1994 ikasimamishwa, kaka zake wawili binti yangu wamemaliza form six bila kuijua kambi inafananaje, 2013 ikarudi, sasa hivi ni miezi mitatu. Yani nyumba moja, mama mwaka mzima, watoto wa kiume sifuri, kitinda mimba miezi mitatu, na kaka zake ndo wanaojifanya kumpa ushauri wa kambini!

Na sa hivi vifaa hivyo mzazi ndo ananunua, nauli ya kwenda na kurudi anampa, halafu muuza duka ndo anakutafsiria tangazo. Mimi nafurahi binti anaenda, nilikopata marafiki nilionao mpaka leo ni kule, ila kwa familia yenye mapacha hiyo ni hela sio mchezo, na msimu ukikaribia bei zinapanda.

Kwa hiyo bukta, shuka na soksi nawapa maksi zote, trakisuti nusu, raba sifuri. Kubadilisha saizi hawana shida, nilirudisha bukta iliyombana wakanipa kubwa bila maneno. Nenda asubuhi siku za kazi, Jumamosi pale hapaingiliki, na mtoto nenda naye ajaribu bukta mwenyewe, achuchumae nayo kabisa hapohapo dukani.