Nimekata utumbo na nimepungua, ila hiki kiungulia hakuna aliyenitajia

Kupungua nimepungua, sibishi. Sukari nayo imetulia mpaka kliniki wamenipunguzia dawa. Ngazi za ofisini napanda huku naongea na simu, jambo ambalo zamani lingenilaza. Kwa hayo nawapa haki yao.

Lakini usiku! Nikijinyoosha tu kitandani, maji machungu yanapanda hadi kooni, naamka nakohoa hadi machozi. Miguu ya kitanda upande wa kichwa nimeiwekea matofali. Sasa mume wangu analalamika kwamba usiku kucha anateremka kuelekea mlangoni.

Nikarudi hospitali ileile ya binafsi iliyonifanyia operesheni, yenye viyoyozi na maua mapokezini. Siku ya kulipia daktari alinivutia kiti mwenyewe, "dada yangu" haikauki mdomoni. Safari hii macho yako kwenye simu: "Mama, ulitaka kupungua, umepungua. Shida iko wapi?" Nilitamani nimtapikie pale mezani, na uwezo huo nilikuwa nao.

Aliyenielewesha ni daktari wa hospitali ya serikali, bila haraka, foleni ikiwa imejaa nje. Kwa operesheni niliyofanyiwa, hii tunayoiita kukata utumbo, kumbe utumbo hauguswi, wanaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kibomba chembamba. Presha ndani inapanda, tindikali inasukumwa juu. Mwenye kiungulia tangu zamani mara nyingi hushauriwa baipasi badala yake, yaani kubakiza kimfuko kidogo juu na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Mimi kiungulia ninacho tangu mimba ya kwanza! Hakuna aliyeniuliza. Waliuliza kadi ya bima, wakaona haikubaliki, wakauliza kama nalipa taslimu.

Mengine nayavumilia. Nywele zilinyonyoka kwa mafungu miezi ya mwanzo, sasa zinaota. Vitamini ni za maisha, B12 na madini ya chuma hasa. Mawe kwenye mfuko wa nyongo, na ile hatari ya mshono kuvuja, hayo waliyasema, tena kwa maandishi, nikasaini.

Ningerudia? Mchana nasema ndiyo. Saa nane usiku niulize tena uone nitakavyokujibu. Kama unakwenda, wakupige kamera ya tumbo kabla hujatoa hata shilingi, na wakisema haina haja, beba pochi yako uondoke.

Na sasa naambiwa dawa ya kudumu huenda ikawa kufunguliwa upya, nigeuziwe baipasi. Bei nimetajiwa na yuleyule daktari, na "dada yangu" imerudi. Eti wateja wa zamani wana punguzo.