Tathmini ya kitufe cha Facebook cha kutenganisha shughuli za nje: kinafanya nusu ya kazi

Kipengele hiki kinapatikana duniani kote tangu Januari 2020, lakini kimefichwa mahali ambapo mtu hapiti kwa bahati. Jina lake la sasa ni refu: shughuli zako nje ya teknolojia za Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram. Kinakuonyesha tovuti, programu na biashara zilizoipelekea Facebook habari zako, hata wakati ulipokuwa hujaifungua, kisha kinakupa nafasi ya kuzifuta na kuzuia nyingine zisiungane na akaunti yako.

Kukifikia kunahitaji miguso sita: mistari ya menyu, Mipangilio na faragha, Mipangilio, Kituo cha Akaunti, taarifa na ruhusa zako, halafu shughuli za nje. Menyu hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ukipotea tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa Mipangilio. Miguso sita kwa jambo zito namna hii ni mingi mno, na hiyo ni alama ya kwanza tunayoikata.

Orodha yenyewe inastahili sifa. Kila mstari una jina la biashara, idadi ya mara ilizotuma habari zako, na tarehe. Unaweza kukuta mchezo wa simu uliopakuliwa na mtoto, tovuti ya ajira na duka la nguo mtandaoni vimepangana. Ukitaka undani zaidi, omba nakala ya taarifa zako kupitia Kituo cha Akaunti. Ndani ya faili hilo, kila tukio lina saa, namba ya utambulisho na neno la herufi kubwa: PAGE_VIEW, ukurasa umefunguliwa, ADD_TO_CART, bidhaa imetiwa kapuni, PURCHASE, imelipiwa. Mtu akisoma mistari ishirini ya namna hiyo ataelewa ufuatiliaji kuliko kwa maelezo yoyote. Hata hivyo, Meta yenyewe inakiri kwamba inapokea zaidi ya yale yanayoonekana kwenye orodha.

Habari hizo hupita njia tatu kubwa. Ya kwanza ni Pikseli ya Meta, kipande cha msimbo ambacho mwenye tovuti hukibandika ili apime matangazo yake. Ya pili ni msimbo wa Meta uliomo ndani ya programu za simu. Ya tatu ni seva ya biashara, yaani kompyuta yake ya mtandaoni, kuzungumza moja kwa moja na seva ya Meta, na hii kizuizi cha matangazo kwenye kivinjari chako hakiwezi kuiona kamwe. Kuna pia orodha za wateja: duka huchukua namba za simu ilizonazo, huzigeuza kuwa alama za siri, na Meta huzilinganisha na akaunti zake. Kwetu Afrika Mashariki, ambako namba ya simu ndiyo akaunti ya pesa na ndiyo inayoandikwa kwenye daftari la kila duka, njia hii ina nguvu sana.

Kasoro kubwa iko kwenye neno lenyewe, kutenganisha. Ukibonyeza, tovuti haziachi kutuma na Meta haiachi kupokea. Kinachokatwa ni uzi unaounganisha habari hizo na jina lako, tena ndani ya saa 48 tangu zipokewe. Idadi ya matangazo haipungui hata moja. Yanakuwa tu hayakulengi kama zamani. Anayetarajia ukurasa usio na matangazo atavunjika moyo bure.

Kosa la kawaida ni kufuta yaliyopita na kuondoka. Orodha hujaa tena, kwa sababu kufuta ni hatua moja na kusimamia shughuli zijazo ni hatua nyingine, chini yake. Fanya zote mbili. Lakini kabla ya hapo, angalia ni programu zipi unaingia kwa kutumia akaunti ya Facebook. Ukitenganisha shughuli zijazo, njia hiyo ya kuingia inafungwa, na usipokuwa umeweka barua pepe na nenosiri mapema, unabaki nje ya mlango. Kama una akaunti ya Instagram ambayo haimo kwenye Kituo hicho cha Akaunti, irudie kazi nzima huko.

Nusu ya pili ya kazi iko kwenye simu. Kwenye Android fungua Mipangilio, Google, Matangazo, kisha futa kitambulisho cha matangazo, alama ambayo watangazaji huitumia kuitambua simu yako. Kwenye baadhi ya simu sehemu hiyo iko chini ya Faragha. Rudi kwenye Facebook uzime upakiaji wa majina na namba ulizohifadhi kwenye simu, la sivyo unatoa habari za ndugu na marafiki ambao hawakuulizwa. Zima pia historia ya viungo katika kivinjari kilicho ndani ya programu ya Facebook, na viungo vya nje vifungue kwenye kivinjari chako cha kawaida.

Wala usitegemee hali fiche ya Chrome, ile isiyohifadhi historia, peke yake. Mwaka 2025 watafiti walionyesha kwamba Pikseli ya Meta kwenye tovuti ilikuwa ikizungumza na programu za Facebook na Instagram zilizokuwa wazi chinichini kwenye simu ileile ya Android, na kuvuka kinga ya hali fiche. Meta iliacha mwezi Juni mwaka huohuo, baada ya jambo hilo kufichuliwa. Ndiyo maana tunaona kutumia Facebook kupitia kivinjari, bila kuisakinisha, ni kinga imara kuliko kitufe hiki.

Kuna jambo ambalo kipengele hiki hakiligusi kabisa: kinachopangwa mbele ya macho yako. Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook ilibadilisha machapisho waliyoonyeshwa watu 689,003 ili kupima kama hisia zao zingefuata, na matokeo yakachapishwa 2014. Athari ilikuwa ndogo, lakini watu hao hawakuwa wameombwa ridhaa mahususi. Kwa sehemu hiyo tumia kichupo cha Milisho kilicholetwa 2022, kinachopanga machapisho ya marafiki kuanzia jipya kabisa. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kukiweka kiwe ukurasa wa kwanza. Kila ukifungua programu unarudishwa kwenye mpangilio wao.

Duka likitumia namba yako kukulenga bila ridhaa, gusa nukta tatu juu ya tangazo uone sababu ya kuonyeshwa. Ikitajwa orodha ya wateja, piga picha ya skrini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume inayoisimamia. Kenya ina sheria ya 2019 na Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Baada ya wiki mbili fungua orodha tena. Majina mapya yakiwepo, hatua ya shughuli zijazo haikushika: irudie, na usiondoke mpaka uone uthibitisho.