Ghibli au KyoAni, uanze na ipi?

Hili swali haliishi, kila nikimwambia mtu aangalie anime, yaani katuni za Kijapani, ananiuliza aanze na studio ya Ghibli au ya Kyoto Animation (KyoAni). Kwa muda wa kuangalia Ghibli inashinda, kazi yake kubwa ni filamu, masaa mawili hivi umemaliza, wakati KyoAni imejijengea jina kwa tamthilia za episodi nyingi kama K-On! ya 2009, kwa hiyo bando lijiandae.

Kwenye uchoraji ndo pagumu. Ghibli chakula kinafuka mvuke mpaka njaa inakuuma, upepo unalaza majani ya kilima kizima. KyoAni wao wanakaa kwenye vitu vidogo, vidole vinavyosita, miguu ya mtu mwenye aibu, angalia A Silent Voice ya 2016 utanielewa.

Uimara je? Ghibli imeegemea sana mgongo wa Miyazaki, mwongozaji wake mkuu. KyoAni inawalipa wachoraji mshahara na inawafundisha yenyewe, na hata baada ya kuchomewa moto Julai 2019 wakafa watu 36, inaniuma mpaka leo, walirudi kazini.

Una watoto ndani, weka Ghibli, ila Grave of the Fireflies, filamu yao ya vita yenye huzuni, isubiri wakue kwanza. Uko mwenyewe usiku na una jambo moyoni, weka KyoAni.