Maboksi yenye nembo kwa oda za mtandaoni: uzoefu wangu na mchapaji wa Kariakoo

Nauza sabuni za mwani na mafuta ya nazi kupitia Instagram na WhatsApp, na wateja wangu wengi wako mikoani. Kwa hiyo nikizungumzia vifungashio, usinifikirie mwenye duka anayemkabidhi mteja mfuko mkononi. Mzigo wangu unapanda bodaboda hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi, unasukumwa ndani ya buti la basi kati ya magunia na ndoo za watu, ndipo ufike Mbeya au Mwanza. Boksi linalopendeza pichani lakini haliiwezi safari hiyo halinifai.

Kazi niliipeleka kwa mchapaji mmoja Kariakoo. Jina naliacha, maana nina ya kumsifu na nina ya kumlalamikia.

Cha kwanza kilichonipa imani ni kwamba nembo waliikataa kwanza. Hawachapi kutoka kwenye picha ya WhatsApp. Wanataka faili la vekta, lile unaloweza kulikuza hadi liwe bango na kingo zake zikabaki safi. Picha ikipita WhatsApp hubanwa, kwa hiyo faili litumwe kama dokumenti. Wapo wachapaji wanaopokea chochote unachowapa, ukienda kuchukua kazi unakuta herufi zina ukungu na hela imeshaliwa.

Dizaina wao ni kijana hodari, ila alitaka kukijaza kifuniko chote: nembo, minazi, namba ya simu, akaunti ya Instagram. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapo juu ndipo wakala wa basi anapoandika." Aliyewahi kutuma mzigo ananielewa. Wakala hana habari na nembo yako. Anachukua makapeni, anaandika jina la mpokeaji, simu na mkoa kwa herufi kubwa popote anapoona nafasi, na asipoiona anaandika juu ya urembo wako. Basi kifuniko tukakiachia mistari mitatu tu: Mpokeaji, Simu, Mkoa. Nembo ikahamia ubavuni, ndogo. Isitoshe, boksi linalotangaza kutoka mbali kwamba limebeba vipodozi linawasha mikono ya watu njiani.

Madoido yote yakaenda ndani ya kifuniko, anakoona mteja peke yake anapofungua. Na hapo ndipo napaona pana faida kuliko kote. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mteja wa Njombe au Mbeya akiyaona meupe na magumu anadhani nimemuuzia yaliyoharibika. Sasa akiinua kifuniko anasoma: "Yakiganda hayajaharibika. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu." Zile simu za malalamiko wakati wa baridi zimepungua sana. Kwa hilo tu, boksi limejilipa.

Rangi ilitaka mjadala. Nembo yangu ni kijani cha majani machanga, kwenye kompyuta inang'aa, lakini sampuli ilipotoka juu ya karatasi ya kaki ilikuwa kama tope. Fundi akacheka: "Dada, kaki inakula rangi. Chukua nyeusi au kijani kilichokolea." Nyeupe nayo haitoki hivihivi, mpaka wapige skrini, yaani wasukume wino kupitia kitambaa cha wavu. Tukabaki na rangi moja, kijani kizito, na bei ikashuka, maana kila rangi ina skrini yake. Msimbo wa QR pia tuliuchapa kwa rangi hiyohiyo ya giza. Ukichapwa kwa rangi nyeupe juu ya kaki, simu nyingine hugoma kuusoma.

Kuhusu uimara, usikubali karatasi ngumu ya tabaka moja kama una chupa za glasi. Dai boksi lenye mawimbi katikati. Lile jembamba, la kama milimita 1.5, linachapika vizuri sana. Lile la milimita 3 linahimili kubanwa zaidi, ila mawimbi yanajitokeza kidogo kwenye chapa. Nilichukua la milimita 3 na sijutii.

Sasa malalamiko. "Kesho, dada" yao haina mwisho, na simu hawapigi mpaka upige wewe. Mzigo ulipofika, baadhi ya maboksi yalikuwa yamekatwa ndani mno kwenye mikunjo, ukikunja kifuniko kinachanika. Waliyabadilisha bila ubishi, hilo nawapa. Lakini mengine yalifungwa wino haujakauka, yakanuka siku kadhaa, na sabuni hushika harufu upesi. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja imeondoka na wino. Bei siiandiki kwa kuwa karatasi hupanda na kushuka. Uliza siku unayotaka, na uombe sampuli iliyochapwa kabla ya kulipa hela yote.

Kama unauza nguo, madera au vitenge, boksi la nini? Bahasha ya kaki na stika nzuri inatosha. Au chukua mifuko mbadala, ile iliyoshika nafasi ya mifuko ya plastiki tangu marufuku ya 1 Juni 2019, ila hakikisha ina gramu 70 kwa mita ya mraba au zaidi kama kanuni zinavyotaka. Ile myepesi mishikio hukatika kabla bodaboda hajafika Ubungo.