Nakala ya mwimbaji wa mtaani wa Manet: fremu safi, gauni limeharibiwa

Nyota 2 kati ya 5.

Nimeagiza mtandaoni nakala ya mchoro wa Édouard Manet, mchoraji Mfaransa, ule wa mwimbaji wa mtaani aliouchora Paris mnamo 1862 hivi. Duka silitaji jina. Mzigo ulifika salama, fremu ni ya mbao nzito, pembe zimekazwa sawasawa, na hapo nawapa haki yao. Shida ni picha yenyewe. Mimi ni fundi cherehani, na kilichonivuta kwenye kazi hii tangu mwanzo ni nguo.

Mchoro wenyewe uko Boston, Marekani, kwenye jumba la sanaa la Museum of Fine Arts, na kwa sisi wa mji wa Lowell si mbali. Una kimo cha sentimita 171 na upana wa 106 hivi, kwa hiyo unasimama mbele ya mwanamke karibu wa kimo chako. Anatoka kwenye mlango wa kilabu cha pombe, gitaa kwapani, cheri ndani ya karatasi ya njano, na mkono mmoja unazipeleka mdomoni. Mdomo umezibwa na vidole. Yanabaki macho, nayo yanakutazama bila kukuomba kitu.

Koti na sketi ni vya kijivu, vimepambwa kwa utepe mweusi. Hana lesi, hana ua. Sketi ameishika juu kidogo ili pindo lisiburure, na chini gaguro jeupe linachungulia. Ni nguo ya mtu anayetembea kutwa, kutoka kilabu hiki hadi kile. Ukisogea karibu huoni uzi wala mshono: ni mipigo mipana ya brashi, kijivu juu ya kijivu, lakini ukirudi nyuma unajua kabisa kitambaa kile ni kizito na kinaangukaje. Mimi hukata vitambaa kila siku, na sijaona mtu aliyeuelewa uzito wa sketi namna hiyo kwa rangi tu.

Kwenye nakala hii kijivu kimegeuka buluu, kama sketi ya shule. Utepe mweusi umemezwa na mikunjo. Halafu wamenitumia saizi ya 60 kwa 80, ambayo hailingani kabisa na umbo la mchoro, kwa hiyo wamekata chini. Gaguro halipo, pindo halipo, miguu haipo. Mwanamke wa kutembea amebaki amesimama tu.

Uso nao wameulainisha kwa programu. Mwaka 1863 mhakiki Paul Mantz alilalamika kwamba nyusi za mwanamke huyu zimeacha kulala na kusimama wima kando ya pua. Kweli Manet alizichora hivyo, na ndizo zinazompa ule uso mkavu wa mtu aliyechoka na asiyetaka kuhurumiwa. Hapa zimepigwa pasi, ameonekana msichana wa tangazo la sabuni.

Kilichoniuma zaidi ni karatasi iliyobandikwa nyuma: “mwanamke asiyejulikana.” Hapana jamani! Mwimbaji halisi ambaye Manet alikutana naye, karibu na mitaa iliyokuwa ikibomolewa kupisha barabara mpya, ndiye hatujui jina lake. Aliombwa akae achorwe, akacheka, akaenda zake. Aliyevaa gauni na kushika gitaa ni Victorine Meurent. Huyu baadaye akawa mchoraji mwenyewe, kazi yake ikapokewa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Salon, mwaka 1876. Picha aliyojichora sasa iko kwenye jumba hilohilo la Boston. Mtu wa namna hiyo anastahili jina lake liandikwe.

Dada zangu mnaotaka kuipamba sebule, msinunue saizi hii. Ukitaka upana wa 60, dai kimo cha 97, na omba wakutumie kwanza picha ya kipande cha sketi iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana. Duka wamenirudishia ujumbe wakitaka kunilipa nusu. Nimekataa, nimewaomba wachape upya, kijivu kiwe kijivu, na jina la Victorine liandikwe nyuma. Wakifanya hivyo nitaongeza nyota.